Ndara Zako Zingali Mlangoni

Somo,

Assalaam alaykum. Wanasema aliye kaburini akisalimiwa huitikia, ila sisi tulio juu ndio hatusikii. Basi nakuachia muda uitikie, kisha niendelee.

Nakuandikia kwa sababu kusema nimeshindwa. Juzi nilikuja hadi kwenye ule mpaka wa makaburi, nikasimama na mwavuli kama mtu aliyekuja kukagua shamba asilonuia kulinunua, nikarudi. Ungeniona ungesema, "Somo, weye hata huzuni unataka uipange mstari." Kweli. Ndiyo maana watoto walikuita weye Bi Mize wa Ngoma na mimi wakaniita Bi Mize wa Mistari. Jina moja, walimu wawili, na kila mtoto wa Gando alijua akilia aende kwa Mize yupi.

Habari za skuli. Chumba ni kile kile, bati linavuja pale pale, na ndoo ya buluu ipo chini yake inapokea. Watoto wapo wote. Kilichoondoka ni kelele. Yule jirani yetu aliyekuwa akilalamika kila asubuhi kwamba tunampasua kichwa, sasa analalamika kwamba hajui tena wakati gani aanze kuchambua mchele. Nilimwambia avumilie. Nilitaka kumwambia mengine, nikamwona ana macho mekundu.

Unakumbuka nilipokuja kwako mara ya kwanza? Weye ulikuwa na cheti cha ualimu, mimi nilikuwa na macho tu, na njaa ya kuwa na pa kwenda asubuhi. Nilidhani mtoto wa miaka mitano hufunzwa kwa kukalishwa. Nikakukuta umeketi mkekani na kingoma kidogo mapajani, kile alichokichonga mumeo, shemeji Shaame, kwa gogo la mfenesi na kukiwamba ngozi ya mbuzi wa Idi, na kila mtoto anayeingia anapiga jina lake. Kombo, vipigo viwili. Asiya, vitatu. Mwanahawa, vinne. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yao. Ukanambia, "Asiyejua kulipiga jina lake atalikata vipi vipande siku ya kuliandika?" Nikaona haya ni maneno ya semina. Kisha Mwanahawa, ambaye kalamu alikuwa akiishika kama mpini wa jembe, akapiga vinne vyake, akatua, akaniuliza kwa nini yeye ana jina refu kuliko Kombo na hali Kombo ndiye mrefu. Nikaketi mkekani, na ualimu wangu wote nimejifunza hapo, kwa kukuchungulia.

Mwisho ulikuwa unapiga la kwako. Mi, katikati kwa kiganja. Ze, ukingoni kwa vidole, taratibu, kama mtu anayerudisha mlango wa nyumba yenye mtoto mchanga. Mimi sikupiga hata siku moja. Nikisema jina letu ni moja, likipigwa mara moja latosha wawili. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, mtu mzima kuipigia ngoma nafsi yake. Nadhani ulijua. Hukunilazimisha.

Na yale manyanga ya vifuu uliyoyatia kunde. Siku moja nyanga moja likanyamaza. Salum, mtoto wa Hamadi, akalitikisa, akaliweka sikioni, akatangaza limekufa. Watoto wakalikimbia kweli, wakajazana nyuma yangu. Weye ukachukua kisu, ukapasua kile kifuu, ukawaonyesha: fukusi wamekula kunde zote, limebaki vumbi. Ukatia simbi za pwani badala yake, ukalifunga kwa utomvu, likasema tena, safari hii kwa sauti ya ukali zaidi. Ukawaambia, "Kitu kikinyamaza tukifungue tukitazame. Tusikikimbie." Nilidhani unazungumza na watoto.

Hata kile kinanda cha plastiki walichotuletea wageni sijakisahau. Betri zake ziliisha kabla wageni hawajafika Wete. Watoto wakakifanya gari la Konde, kila kidude cheupe kiti cha abiria, vyeusi mizigo, na utingo akiwa Raya, mjukuu wa jirani, ambaye alikataa kumpakia mtu yeyote asiye na nauli ya kokwa za ukwaju. Weye ulicheka mpaka ukaketi chini. Ukasema wageni wameleta ala, watoto wameipatia kazi.

Sasa nikwambie yaliyotokea.

Asubuhi ile mwili wako ulipoletwa kutoka hospitali, sheha alinijia uani akanambia kwa upole kwamba watoto wasiambiwe. Wadogo, wataota vibaya. Waambiwe Bi Mize kenda Unguja kutibiwa. Wazee wote wakaafiki, na mimi nikaitikia pamoja nao, kwa sababu siku ile ungenambia jua limetumbukia kisimani ningeitikia. Vyombo vyako tukavikusanya vyote, kingoma, manyanga, matari madogo, upatu, tukavitia kwenye lile sanduku refu la mbao, nikapiga kufuli. Skuli yenye msiba hailizwi ngoma, hilo hata weye ungelisema. Mpaka arobaini, tukakubaliana.

Jeneza likatoka. Wanaume wakaenda, sisi wanawake tukabaki na masufuria, kama ada. Niliona linavyopita langoni, limeinama kidogo upande mmoja kwa sababu waliobeba hawakulingana kimo, na nilitaka kuwaambia wapange warefu na warefu. Hiyo ndiyo kazi yangu niijuayo. Lakini mwanamke hatoki nyuma ya jeneza. Mvua ikashika. Yaliyotokea huko makaburini sikuyaona, na sikuwa na wa kumuuliza, kwani mwanaume ukimuuliza mazishi yalikuwaje anakujibu, "Alhamdulillahi, yalikwenda vizuri," kama anayetoka kuangalia mpira.

Watoto wakaambiwa Unguja. Wakakubali, au wakatustahi. Ni Raya tu aliyesimama mlangoni akizitazama ndara zako, zile za buluu, ya kushoto imelika kisigino. Ulizivua hapo siku uliyozidiwa, ukatoka umebebwa, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Akanambia, "Bi Mize kenda Unguja pekupeku?" Nikamwambia akanawe mikono.

Arobaini ikapita, dua ikasomwa, wali ukaliwa. Ufunguo ulikuwa kwangu. Kila asubuhi nilisema kesho. Nilijua nikilifungua, watoto watapiga majina, na wakimaliza watatua wasubiri lako.

Basi kuna siku nilitoka nje kumenya mihogo ya uji wao, nimewaacha wanacheza. Nikasikia kimya cha namna ile ambayo mwalimu yeyote anaijua, kimya cha shughuli. Nikazunguka ukuta. Somo, walikuwa wanazika.

Walikuwa wamelitoa lile sanduku. Wamelifunika kanga yangu, ile niliyoiacha msumarini. Mwanzo waligombana nani awe maiti, kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa maiti, maiti ndiye anayebebwa. Salum akalala juu, akaanguka. Ndipo Raya akatoa hukumu. Akasema, "Maiti hatakuwa mtu. Bi Mize mwenyewe yumo ndani. Msikilizeni." Wakaliinua, wavulana na wasichana, na kila walipopiga hatua manyanga yakatikisika humo ndani, na kingoma kikagonga ubao. Tangu uondoke ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Mihogo ilinidondoka.

Salum akamwambia Raya abaki nyuma, wanawake hawaendi makaburini. Akamjibu, "Mie si mwanamke. Mie mtoto." Akapita. Nilimwonea wivu.

Walikuwa wamechimba kijishimo kwa vifuu, kwenye mchanga, sanduku lingeingia pembe yake tu. Jua lilikuwa linawaka. Salum na Kombo wakaishika kanga kwa pembe zake wakaitandaza juu ya shimo, wakaisimamia hivyo. Sikujizuia tena, nikauliza hiyo ya nini. Salum akanitazama kama ninavyomtazama yeye akikosea hesabu. "Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Watu wakashika shuka asirowe."

Kumbe walikuwako. Walipanda juu ya ukuta wa msikiti wa karibu, wakaona yote, na muda wote ule tuliokuwa tukiwasimulia Unguja wao wanatuhurumia. Kuhusu lile shuka, mimi na weye tunajua hushikwa kwa sitara, kaburi la mwanamke lisichunguliwe. Lakini sikumsahihisha. Mpaka leo, nikikufikiria, nawaona wanaume wa Gando wamesimama kwenye mvua na shuka mkononi, wao wanarowa, weye hurowi. Mtoto wa miaka sita ndiye aliyenipeleka mazikoni kwako.

Walipomaliza, wakaja mmoja mmoja. Kila mtu akatupia gao la mchanga la kiganja kimoja, kisha akapiga jina lake juu ya sanduku. Kom-bo. A-si-ya. Mwa-na-ha-wa. Sa-lum. Ra-ya. Hakuna aliyewafundisha kuagana hivyo. Wakanigeukia. Raya akasema, "Na weye, Bi Mize." Nikainua mkono.

Hapo ndipo Hamadi alipotokea na baiskeli, anamletea Salum kofia aliyoisahau. Tazama alichokiona: watoto wamezunguka shimo, jeneza limefunikwa kanga, na mwalimu mkono juu.

Hamadi si mtu mbaya. Mkewe ana mimba kubwa, na mimba ya kabla ya hii haikuwahi kuliona jua. Alikuja kwenye mkutano wa wazee akasema bila kupandisha sauti, "Mwalimu, mwanangu anazika mito ya kulalia. Jana kauzika mkungu wa ndizi, kausomea na dua. Mke wangu anamtazama tu, halali. Mimi nataka wakae kwenye mabenchi wafundishwe alifu na a e i o u. Ngoma wataikuta harusini." Wazee wakaguna. Mmoja akasema michezo hii ndiyo inayoleta mkosi. Mwingine akasema skuli za mjini watoto wa umri huu wanasoma Kiingereza. Sheha akasema tuangalie maslahi, maana yake alikuwa hajaamua atazame upande gani.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yako yote, ya vipande vya majina, ya mikono inayojifunza kushika kalamu kwa kujifunza kushika nyanga. Nilitaka kuwaambia kwamba watoto hawakuwa wanachezea mauti, walikuwa wanaifungua waitazame. Nilimwangalia mke wa Hamadi, ameketi nyuma, mkono tumboni. Nikasema, "Walimbeba kwa zamu," nikakaa.

Akasimama shemeji Shaame. Moyo wangu ukapata nguvu, nikajua sasa tumepata wakili. Akauliza, "Walimbeba bila kumwangusha?" Nikamwambia hawakumwangusha. Akatikisa kichwa. Kisha akasema vyombo vile kavichonga yeye kwa ajili ya mkewe, mkewe hayupo, basi ugomvi hauna haja, atavichukua. Asubuhi yake akaja na gari la ng'ombe. Wakalipakia sanduku. Likatoka langoni limeinama upande mmoja.

Nimekwenda kwake baada ya hapo, kila Ijumaa baada ya sala. Nakuta kingoma amekianika juu ya ukuta wa ua. Ananambia, "Ngozi imelegea kwa unyevu, shemeji. Nasubiri jua likishike, nitakirudisha." Nakaa, nanywa kahawa, natoka na jasho linanitiririka, jua lote la Pemba limo katika ua ule. Simwambii. Ijumaa iliyopita nilisahau mwavuli, nikarudi, nikamkuta amekipakata. Hapigi. Ameweka kiganja katikati, pale pa Mi, ametulia. Nikauacha mwavuli.

Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba mambo ni mazuri. Mabenchi yameletwa. Watoto wanakaa. Wanaandika a, wanafuta a. Mwanahawa ameanza tena kuishika kalamu kama jembe. Salum hazungumzi darasani, anapanga vifutio juu ya dawati kimoja kimoja na kuvifunika kipande cha karatasi, na mimi ninajifanya sioni. Hamadi huchungulia dirishani akienda shamba, anaona safu zimenyooka, anafurahi. Nilikuwa mwalimu wa mistari, nimepewa mistari. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Na bado mdomo wangu haujatamka mbele yao neno umekufa. Wao wanajua. Wanajua kwamba najua. Tunakaa wote na Unguja yetu hiyo katikati ya chumba, kama ndoo ya buluu, tunaizunguka tusiikanyage.

Lakini kuna kitu kimoja hawakukichukua. Yale mabomba yako ya maji, marefu kwa mafupi, uliyoyafunga ukutani watoto waipige midomo yake kwa ndara kuukuu yatoe sauti za kuvuma. Waliokuja kupakia waliyatazama, wakadhani ni ya kukinga maji ya paa. Mmoja akanishauri niyapake rangi yasipasuke kwa jua. Nikamshukuru sana. Yapo. Ila zile ndara kuukuu za kupigia, ulizokuwa ukiziokota pwani maji yakitoka, zilikuwa ndani ya sanduku, zimekwenda. Mabomba yamebaki midomo wazi, na Raya kila asubuhi anayapita, anayagonga kwa kidole, kisha anakwenda mlangoni anazitazama za kwako. Haziombi. Ananitazama mimi.

Leo mchana, walipokwisha kuondoka, niliinama nikaziokota. Nyepesi, Somo. Nilitazamia zitakuwa nzito. Mchwa walikuwa wameanza upande mmoja, na ndani ya ile ya kushoto alama ya kidole gumba chako bado ipo. Nikazisafisha kwa maji ya ile ndoo. Nikaenda ukutani kwenye mabomba, nikatazama huku na huku kama mwizi wa nazi, nikapiga. Mi, bomba refu. Ze, fupi. Sikupiga kama weye. Yalitoka makavu, ya mtu wa mistari. Nikasimama pale mpaka ndara zikakauka mkononi mwangu.

Kwa hiyo nakuaga, na haya ndiyo ninayokuahidi. Kwa shemeji nitaendelea kwenda kila Ijumaa, na nitamsifia jua lake mpaka aamini mwenyewe kwamba limetosha. Kwa Hamadi nitakwenda leo hii jioni, nimwambie nitakalolifanya kabla hajaliona dirishani, na akikataa nitarudi tena. Na kesho asubuhi, kabla ya a, nitawakalisha watoto mkekani, niwaambie kwamba Bi Mize wa Ngoma hayuko Unguja, amekufa, na kwamba kaburini hakurowa. Kisha moja ya ndara nitampa Raya, na moja Salum, na majina yatapigwa yote. Lako nitawaachia walipige wao.

Langu nitalipiga mwenyewe.

Lala salama, Somo. Mungu akupanulie nafasi.

Somo yako,
Mize